Matone ya Vitamini A na Kifua cha Mtoto wa Kagera

Ukipita vijijini Bukoba na Muleba huoni dalili za njaa. Kibanja cha migomba kimeizunguka nyumba, mikungu imeinama, na maharage yameota chini ya migomba. Chakula cha mchana ni matoke na maharage, na watu hushiba. Hata hivyo, kwa miaka mingi Kagera imetajwa miongoni mwa mikoa yenye watoto wengi waliodumaa. Shibe ipo, ila mlo huo mmoja ukirudiwa siku baada ya siku huacha mapengo, na mojawapo ni vitamini A.

Tatizo si la Kagera peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulipopima damu za watoto wa miezi 6 hadi 59, takriban mtoto mmoja kati ya watatu alikutwa na upungufu wa vitamini hiyo. Wengi wakiisikia hufikiria macho na karoti. Wachache wanajua kuwa inachangia pia kuamua kama mtoto aliyeshikwa na ugonjwa wa virusi wa njia ya hewa atapona upesi, atalazwa au atafariki.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni surua. Watu huitambua kwa vipele, lakini virusi vyake huingia kwa hewa, vikaanzia puani na kooni. Mara nyingi kinachoua si vipele bali nimonia inayofuata. Njia ya hewa imetandikwa utando laini wenye ute na vinyweleo vinavyosukuma uchafu nje. Utando huo hauwezi kujijenga upya bila vitamini A. Ikipungua, hukauka na kuwa mgumu, na vijidudu hupata pa kupenya. Kinga ya mwili nayo hulegea. Baya zaidi, surua yenyewe hula akiba ya vitamini A iliyopo, hivyo mtoto aliyeingia na kidogo hubaki karibu mikono mitupu.

Mwaka 1932, daktari Joseph Ellison wa London aliwagawa watoto 600 wenye surua katika makundi mawili, moja likapewa mafuta ya ini la samaki yenye vitamini A. Katika kundi hilo walifariki 11, katika jingine 26. Matokeo hayo yalisahauliwa kwa nusu karne, na waliorudia swali hilo walikuwa Tanzania, katika Hospitali ya Mvumi mkoani Dodoma.

Watoto 180 waliolazwa Mvumi kwa surua waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walipata matibabu ya kawaida, lakini 88 waliongezewa yuniti 200,000 za vitamini A siku ya kwanza na nyingine kama hizo siku ya pili. Kati ya hao walifariki 6. Kati ya 92 ambao hawakuongezewa walifariki 12. Kwa jumla tofauti hiyo ingeweza bado kuwa ya bahati tu. Kwa walio chini ya miaka miwili, hata hivyo, ilikuwa kubwa mno: kifo kimoja dhidi ya saba. Waliofaidika hasa ni watoto waliokuwa na uvimbe wa koo na njia ya hewa. Zaidi ya watoto tisa kati ya kumi walikuwa wameingia hospitalini na kiwango cha chini sana cha vitamini A katika damu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1987. Mwaka 1990 ule wa Cape Town ukathibitisha mwelekeo huo huo.

Je, basi kila kikohozi kitibiwe kwa vitamini? Jibu lilitoka Dar es Salaam miaka ya 1990, ambako watoto 687 waliolazwa kwa nimonia walifuatiliwa. Dozi kubwa za vitamini A hazikuharakisha kupona kwao hospitalini. Faida ilijitokeza baadaye: katika miezi iliyofuata, vifo kwa waliopewa vilipungua kwa karibu nusu, na kwa wenye virusi vya UKIMWI vilipungua zaidi. Kwa Kagera, mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, matokeo hayo yalikuwa na uzito wa pekee.

Kwenye vipimo vya damu pana mtego ambamo hata wataalamu hunasa. Mtu akiwa na homa kali, protini inayobeba vitamini A katika damu hupungua, na kiasi fulani cha vitamini hupotea kwenye mkojo. Kipimo cha chini kwa mgonjwa mahututi kinaweza kuwa chanzo cha hali yake, au matokeo yake.

Mtego huo ulijirudia wakati wa Uviko-19. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020, na muda si mrefu watu wakawa wanajifukiza nyungu na kutafuta malimao, tangawizi na vidonge vya vitamini C. Kwingineko madaktari waliona waliozidiwa wana vitamini D kidogo. Lakini Brazil ilipowapa wagonjwa dozi kubwa ya vitamini D, katika jaribio la watu 240 lililochapishwa mwaka 2021, siku zao za kulazwa hazikupungua. Marekani jaribio la vitamini C na madini ya zinki lilisitishwa kabla ya wakati, kwani halikuonyesha faida.

Vitamini D hutengenezwa na ngozi ikipigwa na jua. Mwaka 2012 watafiti waliowapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania walikuta viwango vinavyozidi kwa mbali vya wengi wa Ulaya. Bukoba iko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa Ikweta. Licha ya mawingu na mvua zake, anayeshinda kibanjani hupigwa na jua mwaka mzima. Kwa mkulima huyo, vitamini ya kuulizia kwanza ni A.

Na dawa yake haiko mbali. Viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, hustawi Kanda ya Ziwa. Maboga na majani yake, mchicha na papai vinapatikana, ila vinahitaji mafuta kidogo ili mwili uifyonze vitamini. Matoke na mboga za kuchemsha bila mafuta hupoteza sehemu ya faida hiyo. Maini yana akiba kubwa. Katika samaki wadogo, vitamini A imejaa zaidi kichwani na tumboni, kwa hiyo anayekata vichwa vya dagaa hutupa sehemu bora. Hata senene, fahari ya Bukoba, wanayo: watafiti wa Kenya waliikuta kwa senene wa Siaya mwaka 2010.

Kuzidisha nako ni hatari, maana vitamini A hulimbikizwa kwenye ini. Surua ilipoenea Texas mwaka 2025, hospitali moja ya Lubbock iliwapokea watoto ambao ini lao lilikuwa limeathirika kwa kupewa vitamini A kupita kiasi nyumbani. Vitamini haizuii maambukizi ya surua. Kinachozuia ni chanjo, ambayo Tanzania hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18.

Matone hutolewa nchini kwa kampeni mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba: yuniti 100,000 kwa watoto wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kwa wa mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano. Mwenye surua hupewa dozi ya umri wake siku mbili mfululizo, hata kama alishapata matone ya kampeni, na mwenye dalili za macho huongezewa ya tatu wiki kadhaa baadaye. Mzazi anayempeleka mtoto mwenye homa na vipele hospitali ya Rubya au Ndolage, au zahanati ya jirani, abebe kadi ya kliniki, ili mhudumu aone umri wake na tarehe za chanjo kabla ya kuamua dozi.