Akii-Bua: Kipi cha kweli, kipi kimetiwa chumvi

KABALAGALA, Kampala – Kwenye meza za muchomo kando ya barabara ya Ggaba, ambako mfanyabiashara wa Busia hukaa na mwenzake wa Goma au Juba wakisubiri mzigo, hadithi ya John Akii-Bua haikosi msimuliaji. Mmoja atasema ndiye aliyeiletea Uganda medali ya kwanza ya Olimpiki. Mwingine atasema ni Mwafrika wa kwanza kushinda mbio fupi. Wa tatu, hasa akishamaliza chupa ya pili, ataapa kwamba alikimbia peku.

Watu wa mpakani wanajua tofauti ya maneno na karatasi. Gunia linalodaiwa kuwa na kilo 100 hupandishwa kwenye mizani kwanza, bei ikafuata. Hadithi ya bingwa nayo inaweza kupimwa hivyo hivyo, kwa sababu matokeo ya Olimpiki yaliandikwa, picha zilipigwa na filamu ya mbio zenyewe ipo.

La peku linaisha haraka: picha za Munich zinamwonyesha amevaa viatu.

La medali ya kwanza halisimami. Miaka minne kabla yake, katika Michezo ya Mexico ya 1968, mabondia wawili wa Uganda walikuwa wamekwisha kufika jukwaani: Eridadi Mukwanga alipata fedha na Leo Rwabwogo shaba. Akii-Bua alileta dhahabu ya kwanza. Wanaosahau tofauti hiyo wanamwongezea mmoja sifa kwa kuwanyang'anya wawili, na hao wawili hawatajwi sana siku hizi.

La Mwafrika wa kwanza ni nusu kweli, na nusu kweli ndiyo ngumu kuinyoosha. Afrika Kusini ilikuwa na mabingwa wa mbio fupi zamani: Reggie Walker alishinda mita 100 mwaka 1908, Bevil Rudd mita 400 mwaka 1920, na Sid Atkinson mita 110 kuruka viunzi mwaka 1928. Wote walikuwa weupe, kutoka nchi ambayo haikumpa Mwafrika mweusi nafasi ya kuiwakilisha. Msimuliaji anayetaka kuwa mkweli aseme "Mwafrika mweusi wa kwanza", na aeleze kwa nini neno hilo moja linahitajika.

Mbio zenyewe hazihitaji chumvi. Ilikuwa Jumamosi, 2 Septemba 1972, fainali ya mita 400 kuruka viunzi. Akii-Bua, askari polisi kutoka Lango mwenye miaka 22, alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Hakuna mkimbiaji wa viunzi anayeiomba: kona zake ni kali, na mwili mrefu hupoteza mwendo katika kuzikata. Njia nyingine alikuwapo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Hemery aliondoka kwa kasi kubwa. Akii-Bua alimpita, akamaliza kwa sekunde 47.82. Hakuna mtu aliyewahi kushuka chini ya 48 kabla yake. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili kwa 48.51, na Hemery wa tatu kwa 48.52. Baada ya mstari wa mwisho filamu inamwonyesha mshindi akiendelea kukimbia na kuruka viunzi kwa furaha, kana kwamba mbio bado.

Kocha wake, Mwingereza Malcolm Arnold, ndiye aliyemhamisha kutoka viunzi vya mita 110 kwenda mita 400. Mwaka 1970 alikuwa amemaliza wa nne kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, kwa hiyo hakuota kama uyoga.

Mengine hayana orodha ya matokeo. Kwamba baba yake alikuwa na watoto 43 hurudiwa kila mahali, lakini hilo ni la ukoo kulisema, si la saa ya uwanjani.

Kinachoshangaza ni kile ambacho hata wenye kutia chumvi hukiruka. Wiki alizokuwa akijiandaa na kukimbia Munich ndizo wiki ambazo wafanyabiashara wa Kiasia walikuwa wakifunga maduka Kampala, baada ya Idi Amin kuwapa siku 90 mwezi Agosti. Utawala huohuo ulimpongeza bingwa na kumpandisha cheo, ilhali Walango, watu wa kabila lake na la Milton Obote, waliandamwa. Mwaka 1976 Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Michezo ya Montreal kupinga ziara ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini, na huko Montreal Edwin Moses wa Marekani akaivunja rekodi yake.

Amin alipoanguka mwaka 1979, Akii-Bua alivuka mpaka na familia yake kuingia Kenya. Hakupokewa kama bingwa wa Olimpiki. Aliwekwa katika kambi ya wakimbizi, pamoja na watu wengine waliofika na walichoweza kubeba. Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kutoka humo, akaenda kuishi na kufanya kazi Ujerumani. Mwaka uliofuata, akiwa amekimbia nchi yake, aliikimbilia tena Uganda huko Moscow na kuishia nusu fainali. Baadaye alirudi nyumbani, akawa kocha. Alifariki 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47, akazikwa kwa heshima za kitaifa.

Dai moja linalosikika Kabalagala limepita kwenye mizani bila kupungua hata gramu: kwa miaka 40 dhahabu yake ilikuwa ya pekee ya Olimpiki kwa Uganda. Ya pili ililetwa na Stephen Kiprotich, kwenye marathoni ya London mwaka 2012. Yeye alikuwa amejifua ng'ambo ya mpaka, Eldoret.