Msaada Wenye Masharti: Vita Baridi Ilipobisha Hodi Tanzania

Vijana wa Chato huisikia Vita Baridi kama habari ya Marekani na Umoja wa Kisovyeti, nchi za mbali. Sisi tunaoishi katika ukanda wa dhahabu, tuliozoea wageni wenye ahadi, tuna sababu ya kuitazama kwa karibu.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani ya Mashariki. Ujerumani ya Magharibi, kwa upande wake, ilikataa uhusiano na yeyote aliyemtambua hasimu wake. Muungano ulipozaliwa Aprili mwaka huo, serikali moja ikarithi marafiki wasiosalimiana. Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya kati: Ujerumani ya Mashariki ipewe ubalozi mdogo tu Dar es Salaam, bila kutambuliwa rasmi. Bonn haikuridhika, mwaka 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu, badala ya kubembeleza, akawaambia waondoe na misaada mingine. Kwa taifa changa na maskini, uamuzi huo haukuwa mwepesi hata kidogo.

Miaka miwili kabla, tarehe 11 Aprili 1963, Papa Yohane XXIII alikuwa ametoa Waraka wa Pacem in Terris, yaani Amani Duniani. Humo alifundisha kwamba nchi tajiri zisaidie maskini pasipo nia ya kuzitawala.

Nyumba za ghorofa za Kikwajuni, Zanzibar, zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, zingali zimesimama. Nchi iliyozijenga ilitoweka tarehe 3 Oktoba 1990.