Kisima Kwanza, Pampu Baadaye

Swali la kwanza dukani huwa moja: "Hospawa ngapi?" Muuzaji naye, biashara ni biashara, anajibu: chukua ya tatu, utanishukuru. Hapo hakuna aliyeuliza maji yako kina gani.

Pampu inayokaa juu ya ardhi kwa kweli haivuti maji. Inaondoa hewa ndani ya bomba tu. Hewa ya nje, inayoukandamiza uso wa maji, ndiyo inayoyapandisha. Msukumo huo una kikomo: usawa wa bahari ni kama mita 10, na kwenye kazi halisi hesabu 7. Dodoma, iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, hazifiki hata hizo. Hata ufunge injini ya lori, hubadilishi kitu. Kwa hiyo kwenye kisima kirefu pampu inazamishwa ili isukume kutoka chini.

Itazame kabla haijashushwa. Ni silinda nyembamba ya chuma, mara nyingi ya inchi 4. Mota iko chini, pampu juu, na katikati kuna wavu maji yanakoingilia. Ndani, impela zimepangwa moja juu ya nyingine. Kila moja inayaongezea maji msukumo na kuyapeleka kwa inayofuata. Kisima kikiwa kirefu zaidi, zinaongezwa impela. Mota imewekwa chini kwa makusudi, kwa sababu maji yanayokwenda kwenye wavu yanapita ubavuni mwake na kuipoza. Fundi akiining'iniza chini ya matundu ya kesingi, yaani bomba linaloshikilia kuta za kisima, maji yanaingilia juu, mota inabaki kwenye maji yaliyotuama, na inaungua huku imezama.

Sasa hesabu. Tuseme maji yametulia mita 40. Washa pampu, yanashuka hadi 65, na hapo ndipo yanaposimama wakati wa kazi. Ongeza mita 10 za mnara wa tangi na 5 za msuguano wa mabomba: jumla 80. Kupandisha lita 5,000 kwa saa kwa urefu huo kunahitaji takriban kilowati 1.1. Pampu na mota hupoteza karibu nusu ya umeme, kwa hiyo unahitaji kama 2.2, yaani hospawa 3. Muuzaji wetu kapatia, kwa bahati. Hospawa hutoka mwisho wa hesabu, na hiyo 65 huwezi kuikisia. Inapatikana kwa kupima kisima: pampu ya majaribio inaendeshwa mfululizo, kwa kawaida saa 24, huku kina kikiandikwa. Kiasi anachokutajia mchimbaji siku ya kusafisha kisima kwa kompresa ni makadirio.

Wengi hukwepa gharama ya kupima kwa kununua pampu kubwa "kwa usalama". Mimi naona hilo ni kosa baya kuliko kununua ndogo. Kubwa inatoa maji upesi kuliko mwamba unavyoyaachia. Kina kinaporomoka, pampu inameza hewa, mchanga unaanza kuja. Impela zilizofanya kazi kwenye mchanga ukizishika zina kingo zilizolika hadi kuwa kali, na baadhi zimetoboka.

Hata kipimo kizuri kina umri wake. Makutupora, bonde linaloinywesha Dodoma, kuna kumbukumbu za kina cha maji za tangu miaka ya 1950. Zinaonyesha kina kikishuka kwa miaka, kisha msimu mmoja wa mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997–98, unakirudisha juu. Ukipima baada ya mvua hizo, acha mita kadhaa za akiba juu ya pampu.

Sola imeongeza jambo. Dizeli ilikuwa na breki yake: hela ikiisha, injini inazimwa. Jua halidai, na pampu inafanya kazi asubuhi hadi jioni hata tangi likifurika. Swichi ya boya tangini na kihisi cha kina kisimani, kinachozima mota maji yakishuka mno, gharama yake ni ndogo mbele ya bei ya mota. Boya unaweza kulifunga siku yoyote. Kihisi hufungwa kwenye bomba juu ya pampu, kwa hiyo mwambie fundi akifunge kabla hajaanza kushusha. Ukikikumbuka wiki ijayo, bomba zote zinatolewa upya, moja moja, na siku ya kazi unailipa mara mbili.