Chanjo ya HPV: Mjumbe wa mwili apewe habari mapema

Hospitali kuu ya rufaa ya Nakuru, kama ile ya Mombasa, sasa ina kituo cha saratani. Mgonjwa wa Molo au Naivasha anaweza kupata tiba ya mionzi bila kufunga safari hadi Nairobi. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, wanawake wengi wenye saratani ya mlango wa kizazi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshasambaa, ilhali huu ni ugonjwa unaoweza kuzuilika.

Siri ya kuuzuia imo kwenye seli za dendriti, zilizogunduliwa na Ralph Steinman huko New York mwaka 1973. Zina matawi kama mti, na kazi yake ni ujumbe. Hukaa kwenye ngozi na kuta za ndani za mwili. Zikikutana na adui, humeza kipande chake, hukipeleka kwenye tezi za limfu na kukionyesha kwa askari wa kinga. Bila mjumbe huyo, askari hubaki kambini.

Virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hii, ni vijanja. Haviui seli vinamoishi wala haviingii kwenye damu, kwa hiyo mjumbe hashtuki. Maambukizi mengi huisha yenyewe, lakini yanayodumu miaka mingi yanaweza kuzaa saratani. Uvimbe nao ukikua hutoa kemikali za kumlegeza mjumbe. Kumwamsha wakati huo ni kazi ngumu. Steinman mwenyewe alipougua saratani ya kongosho alijaribu chanjo za seli hizo. Alifariki mwaka 2011, siku tatu kabla ya kutangazwa mshindi wa Nobel.

Chanjo ya HPV humwahi adui. Sindano ya mkononi huleta maganda matupu ya virusi, yasiyoweza kuambukiza. Seli za dendriti huyaokota, hupeleka habari, na mwili huandaa kingamwili mapema.

Lakini chanjo haiondoi maambukizi yaliyokwisha kuingia. Ndiyo maana Kenya ilipoizindua Mombasa, Oktoba 2019, ililenga wasichana wa miaka 10. Mzazi anayesema "bado mdogo" ajue kwamba huo ndio wakati wenyewe.

Na mama mtu mzima naye asingoje maumivu. Aende akapimwe mlango wa kizazi, awe Njoro au Likoni.