Obo inapofika juu kabisa

Aliyezoea zumari kwenye ngoma za pwani hatashangazwa na mlio wa obo. Ni ndugu: zote hulia kwa ndimi mbili nyembamba zinazotetemeka pamoja. Ila mpiga zumari huuingiza ulimi wote kinywani na kuvimbisha mashavu, ilhali mpiga obo huukamata kwa midomo. Na midomo hiyo ndiyo humponza akifika juu.

Mapema mwaka 1781, Mozart alikuwa Munich kwa ajili ya opera yake, Idomeneo. Huko alimwandikia Friedrich Ramm, mpiga obo aliyemfahamu tangu Mannheim, kipande cha obo, fidla, viola na selo. Alimpandisha hadi fa ya juu, noti ambayo watunzi wa wakati ule waliigusa kwa nadra. Obo za siku zile zilikuwa na vibonyezo vichache tu. Kazi nyingine yote ilikuwa ya vidole na pumzi. Kila nikikisikiliza humfikiria Ramm kwanza, ndipo Mozart.

Chini, mara nyingi kidole kimoja kikinyanyuka noti inabadilika. Juu kule vidole kadhaa hufunga na kufungua kwa mpigo mmoja. Kimoja kikichelewa hata kidogo, noti isiyoalikwa inapenya katikati. Mpigaji akiingiwa na hofu huubana ulimi, na hapo sauti hukonda, hupanda kupita kiasi, au hukatika kabisa. Dawa ni kusukuma pumzi kutoka tumboni na kuilegeza midomo, jambo gumu kweli pale mwili mzima unapotaka kukaza. Ndiyo maana wapigaji hurudia noti mbili mbili, polepole, siku nenda siku rudi, vidole visinyanyuke mbali na matundu.

Tena kuna hewa. Tundu la ulimi ni jembamba mno, hivyo mpigaji haishiwi pumzi, bali hulemewa nayo. Akipata upenyo hutoa kwanza iliyochakaa, ndipo avute mpya.

Yote haya hukutana katika sehemu ya mwisho ya kipande kile cha Mozart. Nyuzi zinaendelea na mwendo wa sita kwa nane, mara obo inajitenga na kuhesabu nne kwa nne, noti zikimiminika kwa vipimo 13. Wanaomsindikiza hawamsubiri. Kisha anarudi kwao, mwendo ukiwa mmoja tena.