Kisumu Hupiga Kura Pamoja, Lakini Haina Fikra Moja

Tangu Raila Odinga afariki nchini India tarehe 15 Oktoba 2025, swali ninaloulizwa zaidi na jamaa zangu wa Pwani ni moja: watu wa Kisumu sasa wameelekea wapi? Huulizwa kama mtu anavyouliza habari za jirani mmoja, kana kwamba mji mzima una mdomo mmoja.

Mimi ni mtu wa Mvita, lakini riziki yangu iko huku, katika soko la Kibuye, na nimekaa miaka ya kutosha kuwasikia watu wakisema jambo moja jukwaani na jingine mlangoni kwao. Nataka kueleza jinsi maoni ya watu wa ufuo huu wa ziwa yanavyosomwa, na yanavyosomwa vibaya. Jambo hili latuhusu sisi Wapwani pia, kwa kuwa kosa hilohilo hufanyiwa Mombasa, Kwale na Lamu.

Kura ya pamoja ilitoka wapi

Tuanze na lile ambalo kila mtu analijua. Katika uchaguzi wa rais wa 2022, Raila alipata zaidi ya asilimia 95 ya kura za kaunti ya Kisumu. Anayeangalia nambari hiyo peke yake atasema watu hawa hawafikiri, wanafuata tu. Nambari hiyo lakini ina historia.

Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais na kuongoza chama cha KPU. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya akauawa Nairobi. Miezi mitatu baadaye, tarehe 25 Oktoba, Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, ambayo wenyeji mpaka leo huiita Russia. Umati ulizomea, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilitaja vifo 11. Wenyeji husema vilikuwa vingi zaidi. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini.

Tangu hapo, kwa familia nyingi za huku, kupiga kura pamoja kumekuwa ni ngao. Mtu anaweza kutokubaliana na kiongozi katika mambo kumi, lakini siku ya kura ya rais akaona kwamba kugawanyika ni kujipeleka uchi mbele ya serikali. Huo ni uamuzi, na una hesabu yake. Wala haukuwa wa ukabila mtupu. Mwaka 2002, Raila aliposema "Kibaki Tosha", Wajaluo walimpigia kura Mwai Kibaki, Mkikuyu, kwa wingi mkubwa.

Teremka chini ya karatasi ya rais

Ukitaka kuona fikra tofauti, ziangalie karatasi nyingine za kura. Mwaka 2013 Migori ilimpa Raila kura zake kwa wingi, na siku hiyohiyo ikamchagua gavana Okoth Obado kwa tiketi ya PDP, ikimkataa mgombea wa ODM. Mwaka 2017 watu wa Kisumu Mashariki walimrudisha bungeni Shakeel Shabbir, Mwislamu mwenye asili ya Kihindi, akiwa mgombea huru. Mwaka 2019, katika uchaguzi mdogo wa Ugenya, kaunti ya Siaya, David Ochieng aliishinda ODM kwa chama chake kidogo cha MDG, na hapo ni karibu kabisa na kwao Raila.

Sisi Wapwani tunalijua jambo hili vizuri. Kwale ilimpa Raila kura za urais mwaka 2017, na siku hiyohiyo ikamchagua Salim Mvurya kuwa gavana kwa Jubilee. Hakuna aliyesema Wadigo wamechanganyikiwa. Walikuwa na swali moja kwa Nairobi na swali jingine kwa Kwale, wakajibu kila moja kwa wakati wake.

Utafiti wa maoni unaweza kusema nini

Watu wengine husema, basi tuache kura tuangalie tafiti za maoni. Ni vyema, lakini tujue zinavyofanywa.

Mtafiti hawezi kumuuliza kila Mkenya. Huchagua watu wachache kwa bahati nasibu, hao ndio sampuli, na jibu lao huchukuliwa kuwa mfano wa wote. Afrobarometer, ambayo imekuwa ikifanya utafiti Kenya tangu 2003, huhoji watu 2,400 hivi nchi nzima. Kwa idadi hiyo, kiwango cha makosa ni asilimia 2 juu au chini. Kwa nchi nzima ni kipimo kizuri.

Sasa tufanye hesabu ya dukani. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296, na kaunti ya Kisumu watu 1,155,574. Hiyo ni kama asilimia 2.4 ya nchi. Ukigawa sampuli ya watu 2,400 kwa uwiano huo, Kisumu itapata watu 58 hivi. Kwa watu 58, kiwango cha makosa hupanda hadi asilimia 13 hivi. Yaani gazeti likikwambia kwamba asilimia 55 ya watu wa Kisumu wanaunga mkono jambo fulani, ukweli unaweza kuwa 42, unaweza kuwa 68. Huwezi kujua kama ni wengi au wachache.

Mombasa, yenye watu 1,208,333, itapata 61. Na Lamu, yenye watu 143,920? Itapata 7. Watu saba, pengine wote wa mtaa mmoja, kwa sababu wahojaji huenda kwa mafungu, nyumba chache katika eneo moja. Kwa hiyo ukisoma kwamba "Lamu inataka hivi" kutokana na utafiti wa nchi nzima, jua kwamba huenda ni wazee wawili, kijana mmoja na majirani zao.

Ndiyo maana watafiti waangalifu huziunganisha kaunti, wakasema "Nyanza" au "Pwani". Hapo sampuli inakua, lakini shida nyingine inaingia: Nyanza ni Wajaluo, Wakisii na Wakuria pamoja, kama vile Pwani ilivyo Mswahili wa Pate, Mpokomo wa Garsen na Mtaita wa Wundanyi ndani ya kapu moja.

Kuna pia swali la nani anauliza. Mahali ambapo watu wamewahi kuumizwa kwa sababu ya msimamo wao, mgeni akibisha hodi na karatasi, jibu la kwanza ni lile la usalama. Afrobarometer hulijua hilo, na mwisho wa mahojiano humuuliza mtu anadhani ni nani aliyemtuma mhojaji. Wapo wanaojibu: serikali.

Tangu 2012 Kenya ina sheria ya utangazaji wa tafiti za maoni ya uchaguzi. Anayetangaza anatakiwa aseme nani alilipia, wangapi walihojiwa, wapi, lini, na kiwango cha makosa ni kipi. Habari isiyo na mambo hayo ni porojo zilizovishwa suti.

Kijiweni na redioni

Kipimo cha tatu ni mazungumzo ya watu. Kisumu ina mabaraza yake kama sisi tulivyo na yetu. Kwa miaka mingi uwanja wa Oile, katikati ya mji, umekuwa mahali pa "bunge la mwananchi", ambapo yeyote husimama akasema. Redio za Kijaluo, Ramogi FM, Mayienga na Nam Lolwe, hupokea simu za wasikilizaji na kubishana juu ya bei ya unga, magugumaji ziwani na nani aiongoze ODM.

Mabaraza haya ni matamu, lakini yana upungufu mmoja mkubwa. Wanaosema ni wanaume wenye nafasi ya kukaa. Mama anayeuza omena hapo Kibuye ameamka alfajiri, na jioni ana watoto wa kulisha, hayumo Oile. Aliye na maoni tofauti na umati pia hunyamaza, maana kuitwa msaliti katika mtaa wako si jambo dogo. Tarehe 26 Oktoba 2017, siku ya marudio ya uchaguzi wa rais, upigaji kura haukufanyika katika sehemu kubwa ya kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Wengi walisusia kwa dhati yao. Lakini hata aliyetaka kupiga kura siku ile asingeweza, na sauti yake haikuhesabiwa popote.

Tohara: maoni ya kimya yalipotangulia

Mfano ulio wazi zaidi haukutoka katika siasa. Kwetu Pwani jando ni jambo la dini na ada, halina mjadala. Kwa Wajaluo haikuwa hivyo: alama yao ya zamani ya kuingia utu uzima ilikuwa kung'olewa meno sita ya chini, si tohara. Na kwa miaka mingi majukwaa ya siasa ya Kenya yalitumia jambo hilo kuwatukana wanaume wa Kijaluo, mpaka ikawa kukataa tohara ni sehemu ya kulinda heshima ya jamii.

Hapa Kisumu ulifanywa utafiti wa wanaume 2,784, wenye umri wa miaka 18 hadi 24. Mwezi Desemba 2006 ulisimamishwa mapema, kwa sababu matokeo yalikuwa yamedhihirika: tohara ilipunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya mwanamume kuambukizwa Virusi vya Ukimwi. Baraza la Wazee wa Waluo lilipinga, likisema si mila yao. Aliyesikiliza wazee tu angeandika kwamba Wajaluo wamekataa.

Lakini miaka kabla ya hapo watafiti waliozungumza na wanaume mmoja mmoja, faraghani, walikuwa wamekuta kwamba wengi wa wasiotahiriwa wangependa kutahiriwa. Mwaka 2008 serikali ilipoanza mpango wake, na Raila akiwa Waziri Mkuu akauunga mkono hadharani, vijana walipanga foleni. Takwimu za serikali za 2007 zilionyesha kwamba chini ya nusu ya wanaume wa Nyanza walikuwa wametahiriwa. Kufikia 2012 walikuwa karibu theluthi mbili. Kiongozi alifungua mlango, ila watu walikuwa wamekwisha simama nje wakingoja.

Kwa nini jambo hili ni zito

Kuna atakayesema haya ni mambo ya wasomi. Kwa Kisumu si hivyo. Mji ukishachukuliwa kuwa ni sauti moja, huadhibiwa kama mtu mmoja. Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini, na ikaeleza kwamba Kisumu wengi waliokufa walikufa kwa risasi. Agosti 2017, katika mtaa wa Nyalenda, mtoto mchanga wa miezi sita alikufa kutokana na kipigo alichopata polisi walipoingia nyumba kwa nyumba. Mtoto huyo hakuwa na msimamo wa siasa. Alikuwa na anwani tu.

Na sasa mambo yamegawanyika zaidi kuliko zamani. Agosti 2024 viongozi wa ODM waliingia katika baraza la mawaziri la Rais William Ruto, akiwemo John Mbadi wa Nyanza na Hassan Joho wa kwetu. Machi 2025 vyama vya UDA na ODM vikatia saini mkataba wa ushirikiano. Hapo sokoni, jirani yangu muuza viatu, mzee wa makamo, anaona hii ni haki iliyochelewa miaka sitini. Kijana anayembebea mizigo ana rafiki aliyeumizwa katika maandamano, na hataki kuisikia habari ya serikali hiyo. Wote wawili walisimama foleni uwanjani Mamboleo, Oktoba 2025, kumuaga Raila. Wote walilia. Ukiwapiga picha siku ile ungesema wana wazo moja.

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Kuanzia sasa mtawasikia watu wakisema "Nyanza iko nyuma yangu" na "Pwani nimeishika". Akija mtu wa namna hiyo barazani kwenu, mwulizeni kwa upole: umewauliza wangapi, wapi, na akina mama walikuwemo? Na aliyekujibu alikuwa peke yake, au amezungukwa na watu? Kisha mwulizeni kuhusu Lamu, na wale watu wake saba.