Kutu Isiyofichwa

Huko Ujerumani motokari za zamani huuzwa pengine jinsi zilivyo, bila kutengenezwa upya. Tuitazame Mercedes-Benz 180, iliyotoka mwaka 1953. Rangi imefifia, viti vimechakaa; lakini mnunuzi mwenye akili haidharau. Kwa nini? Zilizoitangulia zilibebwa na mihimili ya chuma. Katika hii, bodi na sakafu vimeungwa kuwa kitu kimoja, ndivyo mifupa yake. Kutu ikila sakafu, imekula mifupa. Rangi mpya yaweza kuuficha ubovu huo. Rangi ya kale huvimba na kuutangaza. Basi, anayenunua apige magoti, atazame chini. Naye anayeuza aseme kweli, kwani kupaka rangi juu ya uozo ni kumwibia jirani.